Mawe Mawili ya Mheshimiwa Mmoja

Mwaka huu nimeweka patasi chini, na nyie mliobaki karakanani Mikocheni mmenitaka niandike machache kabla sijaanza kusahau. Jeni ndiye aliyesisitiza kuliko wote. "Mzee Kristofa, andika tu," alisema, "maana ukianza kusimulia kwa mdomo tunakosa chakula cha mchana." Basi naandika. Habari za vyeo sitazigusa, kwa kuwa karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili: mwenye karakana, na sisi wengine.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka Mbinga nikiwa kijana, nikafikia kwa binamu yangu Vingunguti. Mfukoni nilikuwa na barua ya paroko iliyosema kwamba mimi ni mwaminifu. Mzee Nasoro, mwenye karakana, hakuifungua. Alikuwa mtu wa asili ya Kiarabu, wa ukoo uliouza vifaa vya ujenzi kwa miaka mingi, lakini yeye dukani hakukaa. Alipenda mawe. Alichonga mawe ya makaburi ya Waislamu na ya Wakristo, na mawe ya uzinduzi yale yanayobandikwa kwenye kuta za shule na zahanati.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Mbinga."

"Haya, Mbinga, nioneshe mikono."

Aliitazama, akaigeuza, akanipa kipande cha marumaru kilichovunjika na patasi butu. Siku ya kwanza yote nilikuwa nanoa ile patasi. Siku ya pili nilichonga neno moja tu, "na", tangu asubuhi mpaka jioni. Alisema mkono ukishaijua N na A, mistari iliyosimama na mistari iliyolala ubavu, herufi nyingine zitafuata zenyewe. Mbinga likawa jina langu mpaka siku tulipomzika.

Nawaachia mawili matatu aliyonifundisha, hata kama siku hizi mna mashine inayochonga huku nyie mnakunywa chai. Jina la mgeni rasmi huchongwa mwisho. Unachonga kila kitu, unaacha nafasi ya jina, kwa sababu wakubwa hubadilika asubuhi ya sherehe yenyewe. Nilishalipuuza hilo mara moja. Nilimaliza jiwe zima siku tatu kabla, nikajisifu, na asubuhi ikaja simu kwamba mgeni rasmi ni mwingine. Tuliliziba jina la kwanza kwa unga wa marumaru na gundi, tukapiga msasa, tukachonga la pili juu yake. Lilipendeza mpaka mvua iliponyesha. Jiwe lilipolowa, jina la yule wa kwanza likajitokeza chini ya la pili, limefifia lakini linasomeka. Mzee Nasoro hakunigombeza. Alisema tu kwamba jina ukishalichonga umelichonga.

Jingine lilikuwa maneno yenyewe ya mawe hayo. "Jiwe hili la msingi limewekwa na Mheshimiwa fulani." Nimeyachonga mara nyingi, na kila mara Mzee Nasoro alicheka puani. Jiwe tunalibeba sisi, tunalipandisha ukutani sisi, tunatiwa saruji machoni sisi. Mheshimiwa anavuta kipazia.

Na fundi haweki jina lake. Hilo lilikuwa sharti. Jiwe la watu ni la watu, alisema, wewe umelipwa, nenda nyumbani. Sharti lake jingine lilikuwa kwamba sisi tunachonga, hatuhukumu. Akiletewa agizo la jiwe la kaburi la mlevi lililoandikwa baba mwema, alichonga baba mwema.

Sasa nije kwa yule Mheshimiwa. Jina lake sitaliandika hapa. Nimeliandika vya kutosha kwenye mawe.

Alikuwa waziri wakati mtaa wetu wa Vingunguti ulipokuwa unakunywa maji ya kuuziwa kwenye madumu, yaliyotoka mahali ambapo hakuna aliyepajua. Mtoto wangu wa kwanza, Agnesi, alikufa kwa kipindupindu akiwa na miaka mitatu. Tulimpeleka hospitali asubuhi, na saa kumi jioni nikawa natafuta sanda. Jiwe lake nililichonga mwenyewe, na ndilo jiwe pekee ambalo nilikosea herufi, nikaliacha vile vile.

Baada ya misiba ile, maana haukuwa wangu peke yangu, Waziri alikuja. Wengine walikuja pia, wakaahidi. Yeye alirudi. Alirudi na mtambo wa kuchimba, akakaa juu ya tofali akasubiri pamoja na sisi mpaka maji yalipotoka, kwanza tope, kisha maji meupe. Lilijengwa tangi, kikajengwa kibanda chenye mabomba manne. Kazi ya jiwe ikaletwa kwetu Mikocheni, na mimi nikaomba niichonge.

Siku ya uzinduzi nilikuwa nimesimama nyuma ya kibanda na ndoo yangu ya saruji. Alipomaliza kuvuta kipazia akauliza, "Nani kachonga hili?" Watu wakanisukuma mbele. Mkono wangu ulikuwa mweupe kwa vumbi, nikauficha. Akauvuta, akaushika, akasema, "Fundi, umefanya kazi nzuri." Niliutazama mkono wake baadaye. Hakuufuta. Alikinga maji ya bomba kwa mkono huo huo wenye vumbi langu, akanywa wa kwanza mbele ya watu wote.

Nilimpenda mtu yule. Nasema wazi, nilimpenda, na mke wangu alimpenda. Mtoto wetu wa pili, Yohana, alizaliwa kisima kikiwa na miezi michache. Maji ya kisima hicho ndiyo yaliyomlea, na leo ni mwalimu.

Haukupita muda mrefu yakaja maagizo mengine. Mawe manane kwa mpigo, yote ya visima, kila moja lina jina la mtaa wake, baadhi upande wa Temeke. Kwenye karakana tulishangilia. Mzee Nasoro ndiye pekee aliyekaa kimya, amelishika lile karatasi la maagizo.

"Mbinga," aliniita, "lile la kwanza tulichonga maji yameshatoka. Haya wanataka mawe kabla hawajachimba."

"Si ndiyo wanajiandaa, mzee?"

"Labda."

"Na wewe si ndiye unayesema sie tunachonga, hatuhukumu?"

"Nilisema hatuhukumu. Sikusema tusiulize."

Lakini hata yeye hakuuliza. Kazi ilikuwa kubwa, na wateja wa namna hiyo hawaulizwi. Tulichonga. Mimi nilichonga manane yote, kwa mkono mwepesi kabisa, kwa sababu nilikuwa namchongea mtu niliyempenda.

Aliyepaka rangi ya dhahabu kwenye herufi alikuwa Bi Mwanaidi. Nyie mmemkuta, ameondoka miaka miwili kabla yangu. Jeni, wewe ndiye uliyerithi brashi zake. Hakuna mtu aliyekuwa na mkono uliotulia kama wa Mwanaidi. Alikuwa akipaka rangi ndani ya herufi bila kugusa ukingo, na hazungumzi. Jiwe moja kati ya yale manane lilikuwa la mtaa wake mwenyewe, Temeke. Siku hiyo alizungumza. Alitabasamu akaniambia, "Kaka Kristofa, hili ni letu." Alilirudia mara mbili kwa dhahabu ili ing'ae zaidi.

Mawe yakachukuliwa. Kuna sherehe mbili nilizosikia zimefanyika, mheshimiwa akahutubia, jiwe likasimamishwa kwenye ukuta wa tofali uliojengwa kwa ajili yake. Mtambo wa kuchimba haukufika. Miaka ikapita. Kisha yakaja yale mliyoyasikia hata nyie mliokuwa wadogo: akaondolewa, akashtakiwa, akapatikana na hatia. Fedha za visima vile zilikuwa zimegeuka nyumba na viwanja. Alikaa gerezani, akatoka, akaishi kimya, na mwaka jana akafariki.

Nawaomba mnivumilie hapa, kwa sababu sehemu hii sijivunii. Miaka yote ya kesi ile nilikuwa wakili wake bila kuajiriwa. Tukikaa kula ugali na maharage pale nyuma ya karakana, mada ikiletwa, mimi nasimama. "Mtu kala, sawa. Lakini wangapi walikula wasilete hata ndoo?" Nilikuwa nasema hivyo kila mara, na wengi walinikubalia. Nilisema viongozi wetu wa zamani walikuwa na makosa, lakini walitufikia, walitushika mikono. Bi Mwanaidi alikuwa anakaa hatua tatu kutoka kwangu, anamega tonge, anatazama sahani yake.

Alipofiwa na binti yake Rehema nilikwenda msibani Temeke pamoja na wenzangu wa karakana. Nilijua mtoto ameumwa tumbo. Sikuuliza zaidi. Uani kwao niliona wanawake wanafulia kanga juu ya bamba la marumaru lililolazwa chini, nikalitambua kwa unene wake kwamba limetoka kwetu. Kuna jambo nililisema pale nikalisahau siku hiyo hiyo. Yeye hakulisahau, kama mtakavyoona.

Mheshimiwa alipofariki, mtaa wetu uligawanyika. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Mama Tesha, aliitisha mkutano pale pale kibandani. Wazee walitaka jiwe jipya, kubwa mara mbili ya la zamani, lenye maneno ya shukrani. Vijana walitaka jina lizibwe.

"Mtu kafungwa kwa ufisadi," alisema kijana mmoja, "halafu sie kila asubuhi tunachota maji tunamsoma? Ishu gani hiyo?"

"Na maji hayo unayoyachota kaleta nani?" aliuliza mzee mmoja.

"Kodi yetu."

"Kodi ilikuwepo kabla yake. Mbona haikuchimba?"

Walibishana mpaka sauti zikakauka. Mwishowe Mama Tesha akanigeukia. "Mzee Kristofa, jiwe ulilichonga wewe, na mtoto ulimzika kabla ya kisima. Hakuna atakayesema huna haki. Wiki ijayo utuletee neno, tutalifuata."

Nilikuwa na neno tayari. Jiwe kubwa. Ilikuwa iwe kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, nami nilitaka iwe nzuri, kwa hiyo Jumamosi nikaenda Temeke kumwomba Bi Mwanaidi aje kupaka dhahabu. Ndilo kosa ninalotaka mlijue. Kati ya watu wote wa jiji hili, nilikwenda kumwomba yeye.

Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Karibu, kaka Kristofa. Habari za Vingunguti?"

"Njema, Bi Mwanaidi. Nimekuja na kazi. Ya mwisho."

Nikamweleza. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza, kisha akaweka ungo pembeni, akasimama. "Njoo uani."

Bamba lilikuwa pale pale, sabuni imekauka juu yake. Alimwaga kata moja ya maji, akalisugua kwa kiganja, na herufi zikaanza kuonekana. Kisima hiki kimezinduliwa na Mheshimiwa. Jina. Jina la mtaa wao. Dhahabu ilikuwa imebaki kwenye kona za ndani tu.

"Unakumbuka siku ya msiba wa Rehema?" aliniuliza.

"Nakumbuka."

"Unakumbuka ulichosema ulipoliona hili?"

Sikukumbuka. Alinikumbusha, bila hasira, kama mtu anayesoma. "Ulisema, jamani, marumaru nzuri namna hii mnaifulia nguo."

Nilitamani kukaa chini, na hapakuwa na pa kukaa isipokuwa juu ya jiwe.

"Kabla ya jiwe hili," alisema, "sie mtaani tulikuwa tunachangishana tuchimbe kisima chetu wenyewe. Kidogo kidogo. Mie nilipolipaka dhahabu kule Mikocheni, nilirudi hapa nikawaambia, acheni, serikali inaleta, nimeona kwa macho yangu, jina la mtaa wetu lipo. Wakaniamini. Nani asingeniamini? Mie ndiye niliyelishika jiwe. Wakaacha kuchanga. Tukasubiri. Ukuta wa jiwe ukabomoka, tukalileta hapa uani. Tumesubiri mpaka Rehema akanywa maji ya mkokoteni, akaondoka kama alivyoondoka Agnesi wako."

"Mwanaidi, miaka yote hiyo tumekaa pamoja. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ulikuwa umezika mtoto, ukapata mtu wa kumshukuru kwa yule aliyebaki. Nikunyang'anye?"

Nililia pale uani. Mzee mzima. Yeye hakulia, alinisubiri nimalize, kisha akaniletea maji ya kunawa uso.

Nilipopata sauti nikamwambia, "Basi nitaliziba jina. Kesho."

"Ili mvua ikinyesha litokeze?" Alikuwepo siku ile ya aibu yangu ya gundi, na alicheka kidogo. Kisha akasema, "Usilizibe. Yohana wako kanywa yale maji, kakua. Hiyo kweli. Na hili hapa kweli. Kilichoniuma mie siyo kwamba unamsifu. Ni kwamba mnasoma jiwe moja."

Niliwaza njia nzima. Jumatatu nikamwomba Jeni gari la karakana, tukaenda tukalichukua lile bamba, na yeye akataka kuliweka kwenye mashine. Nikakataa. Herufi nilizichonga kwa mkono, na kwa mkono nilitaka kuzirudia. Sabuni na miaka vilikuwa vimezila kingo, lakini mikato ya chini ilikuwa imara, kwa kuwa nilikuwa nimechonga kwa mapenzi. Sikuongeza neno la lawama wala kupunguza heshima ya mtu. Mheshimiwa alibaki Mheshimiwa, na kisima kilibaki kimezinduliwa.

Siku ya mkutano nililisimamisha mbele ya watu nikawaeleza limetoka wapi na limekuwa likifanya kazi gani. Niliwaambia neno langu ni kwamba lile la zamani libaki kama lilivyo, na hili libandikwe chini yake, kwenye kibanda hicho hicho. Wazee wengine walisema nimemsaliti marehemu. Kijana yule wa kodi alisema nimemlinda. Mama Tesha alisoma jiwe la juu, akasoma la chini, akauliza, "Hiki cha pili kiko wapi?"

"Hakipo," Bi Mwanaidi alijibu kutoka nyuma. Alikuwa amekuja, amevaa buibui la safari, mkononi ana mfuko wa brashi.

Mama Tesha akasema fundi aanze kazi.

Mtaniuliza, kama mlivyoniuliza siku ya kuniaga, kama yule mtu anastahili kuheshimiwa. Ninachojua ni kwamba nikinywa maji ya mtaani kwetu namshukuru, na sitaacha, kwa sababu nikiacha nitakuwa mwongo kwa Yohana. Na siwezi tena kumshukuru kwa sauti mbele ya watu bila kusema na habari ya Temeke, kwa sababu nitakuwa mwongo kwa Rehema. Zamani nilidhani moja litalipia jingine. Haliwezi. Watoto hawa wawili hawakuwa na mama mmoja.

Lakini bado kulikuwa na jambo lililonikera, na halikumhusu yeye. Yeye alishahukumiwa. Nilikuwa nafikiria lile karatasi la maagizo mkononi mwa Mzee Nasoro, na jinsi nilivyomjibu haraka. Jiwe lile ndilo lililowafanya majirani wa Mwanaidi waache kuchanga, na jiwe lile halikujichonga.

Tulipokwisha kulipandisha ukutani na saruji kushika, nilichukua patasi ndogo. Kwenye ukingo wa chini kabisa wa jiwe la pili, katika herufi ndogo kuliko zote nilizowahi kuchonga, nikaandika: Limechongwa na Kristofa. Miaka yote hiyo ya kazi, nililifuata sharti la Mzee Nasoro. Hilo ndilo jiwe pekee lenye jina langu.

Bi Mwanaidi alikuwa amepiga magoti anafungua kopo la dhahabu. Alilisoma jina langu.

"Weka na langu," alisema.

"Hapana. Wewe uliamini."

"Na wewe?"

"Mie sikuuliza."

Alipaka jina la Mheshimiwa kwa dhahabu, kwa uangalifu ule ule wa zamani, na mkono wake ulikuwa bado umetulia. Akapaka jina la mtaa wake, polepole, mara mbili. Alipofika kwenye ukingo wa chini alifuta brashi kwa kitambaa, akafunga kopo.

"Lako libaki bila rangi," alisema. "Anayetaka kulisoma atainama."